Waya Niliouvuta Kewanja

Siku mliponiaga nikistaafu, vijana wangu, pale dukani Tarime, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema, "Mzee Marwa amepanda dari za watu maisha yake yote, na hajawahi kuunguza nyumba." Mkapiga makofi. Mkaniomba nihutubie nikasema koo linaniuma. Halikuwa linauma. Sentensi ile ndiyo ilikuwa imenikwama kama mwiba wa samaki, na mpaka leo haijashuka. Kwa hiyo nimechukua daftari. Someni wenyewe, na mkimaliza msinipigie simu kunipa pole.

Sitawaeleza jinsi nilivyopanda cheo. Kazi yetu ina vyeo viwili tu: anayeshika ngazi na anayeipanda. Mimi nilianza kwa kushika.

Ngazi ilikuwa ya Fundi Athumani. Alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, wa kofia nyeupe, aliyeletwa Tarime na kazi ya simu za mezani kisha asirudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa laini mno. Hata alipokukaripia ungedhani anakuombea dua, tofauti na sisi Wakurya ambao mtu akitusikia tunasalimiana hukimbia akidhani ugomvi umeanza. Siku ya kwanza alinipa rola zima la waya, akaniambia niuzungushe kwenye uwanja wa nyumba yake, halafu niukunje tena bila pindo hata moja. Niliukunja vibaya. Akaufungua, akasema, "Tena." Mpaka saa ya alasiri nilikuwa nimeurudia mara nne, na sikuwa nimegusa ukuta wa mtu yeyote.

"Waya ukiupinda leo," aliniambia, "utakulipiza wakati umeshausahau."

Kila waya aliouweka aliufunga kipande cha plasta ya kidonda mwishoni, akaandika kwa biro: sebuleni, chumba cha bibi, getini. Alitenga nyaya za simu na za umeme kama mtu anayetenga fahali wawili. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: usivute waya usiouona mwisho wake. Kama umezeeka, ukate pande zote mbili uuache ulale hapo hapo darini. "Hujui nani kapita juu yake tangu mimi nishuke," alisema.

Kisha dhahabu ya Kewanja na vijiji jirani ikawatia watu wazimu. Walikuja kutoka Kisaka, kutoka Mbalibali, kutoka ng'ambo ya Sirari kwa mashemeji zetu. Mtu mliyeachana naye akiwa na jembe la kuazima mlikutana mwaka unaofuata akiwa na nyumba ya vyumba tisa na mbwa wa kizungu. Na nyumba hizo zilipenda nyaya. Mwenye nyumba alitaka runinga kila chumba, kamera getini, simu jikoni, spika uani, kompyuta kwa ajili ya watoto wanaosoma Migori. Kila kilichonunuliwa kilikuja na waya wake, na kila waya ulipita ulipoona njia: chini ya zulia, juu ya mlango, nyuma ya picha ya Yesu. Nimewahi kuitwa kwa sababu kompyuta haipati mtandao, nikakuta mbuzi ametafuna waya uliopitishwa dirishani. Nimekuta mama amejikwaa kwenye fundo la nyaya sebuleni akiwa na sufuria ya uji wa moto, na mwenye nyumba anamgombeza yeye, si fundo.

Ndiyo maana waifai ilipofika niliipokea kama mvua. Nilifundishwa na fundi mmoja wa upande wa Kenya, pale Sirari. "Hii kitu ni rahisi, brother," aliniambia. "Unaweka ruta hapo juu, unaenda zako." Si kweli, kama mnavyojua. Ruta haiendi nyuma ya friji wala ndani ya kabati la runinga kwa sababu mama mwenye nyumba haipendi sura yake. Inakaa katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Ukuta wa zege wenye nondo utakunyima nusu ya nguvu, na tangi la maji litakunyima nusu iliyobaki. Tembea na simu chumba kwa chumba kabla hujatoboa tundu, usitoboe kwanza ndipo utembee. Na katika nyumba ndefu, acha waya mmoja mzuri wa kuunganisha ruta ya mbele na ya nyuma. Huo mmoja utafanya zile ishirini zisihitajike.

Hilo la waya mmoja si langu. Ni la Fundi Athumani. Watu walidhani atauchukia mtandao wa hewani kwa kuwa ulimlia kazi. Hakuuchukia. Aliketi nami akataka nimweleze vyote, akasikiliza, akasema, "Sawa. Lakini hewa nayo ina kuta zake." Kufikia hapo tulikuwa tumeachana kikazi bila ugomvi. Yeye alibaki na nyaya, mimi nikawa fundi wa kuziondoa. Nyingi nilizoondoa zilikuwa zake. Nilipanda darini nikakuta plasta zake na mwandiko wake, nikakata, nikatia kwenye gunia. Nilijisikia vibaya mara ya kwanza. Mara ya kumi nilikuwa napiga mluzi.

Sasa naja Kewanja.

Nyamhanga alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza pale ambayo Fundi Athumani aliitandazia nyaya yote, chumba kwa chumba. Humo aliishi na mke wake Bhoke, watoto, na mama yake, Bibi Ghati, kikongwe aliyekataa kulala chumba cha ghorofani kwa sababu, alisema, juu ni kwa ndege; alilala upande wa nyuma usio na ghorofa. Nyamhanga aliniita kwa sababu alikuwa na wageni wa posa ya binti yake siku inayofuata.

"Marwa, niondolee haya matumbo," alisema, akinionyesha nyaya zilizoning'inia sebuleni. "Wageni watadhani wameingia karakana. Weka ile ya hewani. Nisione waya hata mmoja."

"Ule wa kati tuuache," nikamwambia. "Nyumba ni ndefu."

"Nimesema hata mmoja."

Nikaweka ruta mbili, moja sebuleni na nyingine kwenye korido, ziongee zenyewe kwa hewa. Zilishikana vizuri. Hapo ningeweza kukata nyaya pande zote mbili na kuziacha darini kama nilivyofundishwa. Lakini miisho ya zile za upande wa nyuma ilikuwa imejitokeza juu ya mlango wa Bibi Ghati, na Nyamhanga alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Kupanda sikutaka: chini ya mabati, mchana ule, dari ilikuwa kama tanuri. Nikasimama kwenye kiti, nikazungusha waya mmoja mkononi, nikavuta.

Ulikuja mita chache, ukakwama. Nilijua umekwama kwa kitu. Mkono unajua. Nikauzungusha mara ya pili kwenye ngumi, nikauning'inia kwa uzito wangu wote. Ukaja wote kwa mara moja, nusura nianguke.

Bibi Ghati alikuwa ameketi kitandani ananitazama. "Mura," aliniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "unavuta kama mtu anayevuta ndama tumboni. Pole pole."

Nikacheka. Nikaanza kuukunja, na katikati ya ule waya nikaona umeshika kipande chekundu cha plastiki, laini, kirefu kama kucha. Ilikuwa ngozi ya waya wa umeme. Baada ya Fundi Athumani kushuka kwenye dari ile miaka ya nyuma, fundi umeme mwingine alipita juu ya kazi yake bila kutenga, na mimi nilikuwa nimeuburuta ule wa Athumani chini ya waya wake kama msumeno.

Nilipaswa kupanda. Zima umeme, panda, tafuta palipochunika, funga. Kazi ya nusu saa. Nilimwangalia Nyamhanga, nikafikiria lile joto, nikajiambia nitarudi kesho kutwa wageni wakishaondoka. Kipande chekundu nikakitia mfukoni, na waya nikautia kwenye gunia; nyingine nikazikata juu ya mlango, zikabaki darini. Nyamhanga akatazama kuta zake tupu akafurahi kama mtoto. Kesho kutwa nikaitwa kwingine. Kesho kutwa nyingine pia. Kilipofuliwa kile kijisuruali cha kazi, kipande kikapotea, nami nikakiacha kipotee.

Wiki ya tatu, Jumapili, watu wakiwa kanisani, nyumba ile ilishika moto ukianzia darini upande wa nyuma. Bibi Ghati alikuwa amebaki kwa sababu ya magoti. Bhoke alitoka kanisani mbio aliposikia kelele, akaingia kwa mlango wa jikoni, akambeba mkwewe mgongoni. Walitoka wote wawili. Lakini kikongwe alikuwa amejaribu kuzima blanketi kwa mikono mitupu, na mikono ile haikufunguka tena. Vidole vilijikunja ndani kama majani makavu, na ndivyo vilivyobaki.

Mimi nilifika jioni. Nilisimama na watu wengine, nikasema walichokuwa wanasema wao: poleni.

Ritongo liliitwa, mkutano wetu wa wazee na wakazi, uwanjani karibu na shule. Watu walijaa. Swali lilikuwa moja, nani ameunguza nyumba. Mzee mmoja akasimama akasema jambo ambalo lilionekana lina akili: "Marwa hakuweka waya. Aliondoa. Hewa haiunguzi nyumba. Zilizobaki darini ni nyaya za nani?" Kila mtu alijua ni za nani. Fundi umeme aliyepita juu yake hakuwa na jina, alikuwa mpita njia wa enzi zile, ameshaondoka na wengine kufuata dhahabu ya Geita. Fundi Athumani ndiye alikuwepo, ameketi mbele na kofia yake, mtu wa kuja, mwenye kazi inayoonekana.

Akaulizwa. Akasema alitenga nyaya zake na za umeme, na yeyote aliyepanda baada yake anaweza kusema kama ni uongo.

Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Marwa, wewe ndiye wa mwisho kuingia nyumba ile kwa kazi. Uliona nini?"

Fundi Athumani aligeuza shingo akaniangalia. Hakunikazia macho. Aliniangalia kama zamani alivyoniangalia nikiwa nakunja waya uwanjani kwake, akingoja aone kama safari hii nitapatia.

Nikasema, "Niliona nyaya nyingi za zamani."

Haikuwa uongo. Nimeipima sentensi ile kwa miaka mingi, na hakuna neno lake hata moja lililo la uongo. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mmesikia." Yakaisha hapo. Iliamuliwa Athumani asishike tena waya wa nyumba yoyote upande ule, na habari za namna hiyo hazibaki upande mmoja. Kabla ya mwezi kuisha hata Tarime mjini watu walikuwa wanamkwepa. Alifunga duka lake, akahamia Mugumu kule Serengeti, akawa anatengeneza redio kwenye kibaraza karibu na msikiti.

Wateja wake wakaja kwangu. Wote. Waliniambia wamechoka na nyaya, nyaya zinaua, wanataka mtandao usio na hatari. Nyamhanga alipojenga upya aliniita wa kwanza. Nikaweka waifai nyumba nzima. Kila iliposumbua nilikwenda, na Bhoke alinipikia ugali na samaki, akaninawisha, akanikaribisha mezani. Kisha alikwenda kukaa kando ya Bibi Ghati na kumlisha tonge kwa tonge. Nilikula nikiwaona. Hilo nalo liandikeni kwenye sifa zangu. Bibi Ghati aliishi hivyo miaka miwili.

Mlishangaa kwa nini sikubali kazi za Serengeti. Kambi za watalii zilipiga, shule ya Mbalibali ilipiga, nikawatuma ninyi. Niliwaambia barabara inaniumiza mgongo. Kutoka Tarime mpaka Mugumu ni safari ya mtu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na mimi sikuimaliza kwa miaka yote hiyo.

Wiki moja baada ya sherehe yenu nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza kile, macho yamefifia, redio imefunguliwa mapajani, anatafuta skrubu kwa vidole.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Marwa. Umenenepa, sauti imepata mafuta. Karibu."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakatawanyika. Nikamwambia tu: nilivuta, ulikwama, nikavuta tena, nikaona ngozi nyekundu, sikupanda. Nilisema mpaka mwisho bila yeye kunikatiza. Aliendelea kutafuta skrubu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi ya pili baada ya moto nilipanda kwenye kuta zile na ngazi ya kuazima. Waya wa umeme umeliwa mahali pamoja tu, pale wangu ulipopita. Na wangu haupo. Nikasema, kijana kavuta."

"Kwa nini hukusema pale ritongoni?"

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Niseme mimi, mtu wa Pangani, kwamba mtoto wenu ndiye kaunguza? Mbele ya shangazi zako na wajomba zako? Mwenye ulimi pale ulikuwa wewe. Nami nilikungoja. Mwenyekiti alipokuuliza, nilisema moyoni, alhamdulillahi, sasa atasema."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Umekuja kumwambia anayejua," akasema. "Hiyo si kazi. Wasiojua wako Kewanja. Nenda kawaambie hao, kisha unipigie."

Nikaenda. Mnajua Kewanja ya sasa. Nusu ya watu wa siku ile wamehama, wengine wamekufa, mwenyekiti wa leo alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi mwaka ule. Nilimwomba anikusanyie wakazi wa zamani. Alinitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, lakini aliwaita. Walikuja watano. Nyamhanga hayupo, ameshahamia Mwanza na mke mdogo. Bhoke alikuja, ameshika jembe, katoka shambani.

Nilisimama nikayasema yote. Nikamaliza. Mzee mmoja akakuna kidevu akasema, "Sasa Marwa, unataka tufanye nini? Mambo ya zamani hayo. Hata nyumba yenyewe ilishavunjwa." Mwingine akauliza kama bado natengeneza mtandao, kwa kuwa wa kijana wake unakatika.

Bhoke hakucheka wala kulia. Akaniuliza, "Wakati namlisha mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

"Nilikuwa naona huwezi kumtazama," akasema. "Nikadhani ni huruma. Nikawa nakuongezea samaki." Akachukua jembe lake. Alipofika njiani akageuka. "Na yule Mswahili tulimfukuza kwa mbwa, Marwa. Watoto wangu ndio waliotangulia." Akaenda zake.

Kwa hiyo vijana wangu, nyumba nimeunguza. Moja. Na jambo baya zaidi kuliko moto ni kwamba kazi ya kuondoa haiachi alama. Anayeweka waya, jina lake linabaki ukutani. Anayeutoa anaacha ukuta mweupe, na watu huupenda ukuta mweupe, hawaulizi chochote. Mtaondoa nyaya nyingi kuliko nilizoondoa mimi. Kateni, ziacheni zilale. Zikikwama, pandeni, hata kama mwenye nyumba anaangalia saa. Na kama mmeshavuta, semeni siku ile ile, wakati kusema bado kunamfaa mtu.

Nilimpigia Fundi Athumani nikiwa bado nasubiri gari la kurudi.

"Umesema?"

"Nimesema, fundi."

"Walikuwa wangapi?"

"Watano."

Nikasikia redio yake ikikwaruza, ikashika kituo, ikapotea.

"Siku ile uwanja ulijaa," akasema.

"Ndiyo."

"Basi endelea."